Papa hana kinyongo na wewe: tunavyodanganywa na muvi za wanyama wauaji na bado tunazipenda

Kuna muvi ambazo mtu akiulizwa mbele za watu anasema hajawahi kuziona, afu ukikagua simu yake zimejaa. Papa anayekula watu ufukweni, nyoka anayemeza mtu mzima mzima, simba wawili wanaomaliza kambi, mamba anayejua ratiba ya kijiji kuliko mwenyekiti wa kijiji. Mi nazipenda na sijifichi. Ila ukikaa na wapenzi wenzangu kwenye kibanda umiza au kwenye magrupu utasikia mambo yanasemwa kwa uhakika kabisa na hayapo, na ukikaa na wanaozidharau nako utasikia mambo hayapo vilevile. Kwa hiyo tuyapange hapa, yenye nyama nyingi tutakaa nayo, mepesi tutayapita.

Jambo moja la kushika kabla hatujaanza, maana litarudi sana: mnyama wa kwenye hizi muvi ni binadamu aliyevalishwa ngozi. Ana kinyongo, anapanga, anachagua nani aanze na nani amalizie. Wa porini hana hayo mambo kabisa, na akiua mtu sababu zake mara nyingi ni za kawaida mpaka zinachosha.

Dhana: ni muvi za watu wasiofikiri

Hii ndo inayoleta aibu yote. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Taasisi ya Max Planck kule Ujerumani, Keyvan Sarkhosh na Winfried Menninghaus, walitoa utafiti wao juu ya watu wanaopenda muvi takataka, yaani zile za bajeti ya kuungaunga zinazojulikana wazi kwamba ni mbovu, na Sharknado ya 2013 ni mfano wake mzuri, ile ya kimbunga kinachozoa papa baharini na kuwamwaga mjini (zimetoka sita za hivyo, sita aisee, mpaka 2018). Wakakuta wapenzi wake wengi wana elimu ya juu ya wastani, na ni watu wanaoangalia kila kitu, ile sanaa ya heshima wanaangalia na upuuzi wanaangalia. Hawadanganyiki kwamba ni muvi nzuri. Wanajua ni mbovu na huo ubovu ndo wameufuata.

Na sio zote mbovu, hapo napo watu wanachanganya. Jaws ya 1975 ilichukua Oscar tatu, ya uhariri, ya muziki na ya sauti, na ilikuwa kwenye orodha ya muvi bora ya mwaka. Anaconda ya 1997 ilitajwa mara sita kwenye zile tuzo za kejeli za Razzie, ikiwemo muvi mbaya kuliko zote, na muvi hiyohiyo Roger Ebert, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Marekani, aliipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Kwa hiyo mtu akikucheka mwambie Ebert naye alikaa mkao wa kula.

Kuhusu kwa nini mtu afurahie kutishwa, kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Paul Rozin alianzia kwenye pilipili. Alijiuliza kwa nini mtu ale kitu kinachomchoma mdomo na machozi yanamtoka na kesho aagize tena, na jibu lake ni kwamba mwili unalia hatari lakini kichwa kinajua hakuna hatari, na ule ushindi wa kichwa juu ya mwili ndo utamu wenyewe. Akaunganisha na muvi za kutisha na za kuliza. Papa akitokea moyo unaruka, mikono inatoa jasho, na wewe umekaa kwenye kochi Tabata, bahari yenyewe iko mbali. Mwenzake Dolf Zillmann akaongeza kwamba yale mapigo ya moyo hayazimiki ghafla hatari ikiisha, yanaendelea, kwa hiyo ile ahueni mnyama akifa inakuja na nguvu ya hofu iliyobaki mwilini. Ndo maana mnyama akilipuka ukumbi mzima unasimama kushangilia kama goli la dakika ya 90.

Dhana: Jaws ilitisha kwa sababu papa wake alitengenezwa kwa ustadi

Kinyume chake. Papa wake alikuwa kimeo.

Steven Spielberg alikuwa kijana wa miaka 27 alipoanza kuipiga, akakataa kutumia bwawa la studio akasema anataka bahari yenyewe, wakaenda kisiwa cha Martha's Vineyard. Walitengenezewa papa watatu wa mashine, wakawapa jina la Bruce, ambalo ni jina la mwanasheria wa Spielberg. Maji ya chumvi yakaingia kwenye mitambo na kila siku ikawa kukwama, kutengeneza, kukwama tena, na mmoja ulizama mpaka chini. Ratiba ya siku 55 ikawa siku 159, na bajeti iliyokuwa kama dola milioni 4 ikafika kama milioni 9. Wakubwa wa studio jasho linawatoka.

Sasa papa hayupo, unafanyaje? Unaweka kamera chini ya maji kana kwamba ndo macho yake. Unaonyesha mapipa ya njano yakivutwa juu ya maji na mtazamaji anajua kuna nini chini. Unamwachia mtunzi wa muziki, John Williams, noti zake mbili. Papa haonekani vizuri kabisa mpaka saa moja na dakika kama ishirini za muvi zimeshapita, na wote tuliokulia kwenye hizi muvi tungeapa kwamba yumo mwanzo mwisho. Mtazamaji alimtengeneza mwenyewe kichwani, na papa wa kichwani hana hitilafu ya umeme.

Hili somo watengenezaji wengi wa leo wamelisahau maana kompyuta haikwami. Mnyama anaonyeshwa dakika ya tano, anaonyeshwa meno, koo mpaka utumbo, na ikifika dakika ya arobaini umeshamzoea kama mbuzi wa jirani.

Dhana: papa anawinda watu, na akikukosa anarudi

Hapa kile kinyongo nilichosema kinaonekana wazi kuliko popote. Jaws: The Revenge ya 1987, ya nne kwenye mfululizo, ina papa anayeifuata familia moja kutoka Marekani mpaka Bahamas. Anaifuata familia! Michael Caine alikuwa anaigiza hiyo muvi mpaka akakosa kwenda kuchukua Oscar yake ya muvi nyingine kabisa, na baadaye aliulizwa akasema hajawahi kuiona ila nyumba aliyoijenga kwa hela yake ameiona na ni nzuri sana. Mi huyo mzee namheshimu.

Wa baharini sasa. Chuo Kikuu cha Florida wana kitengo kinachoandika kila tukio la papa kumng'ata mtu ambaye hakumchokoza, na mwaka 2024 dunia nzima waliandika matukio 47. Dunia nzima, na mwaka mzima. Wengi wanang'atwa mara moja na papa anaachia anaondoka zake, na wataalamu wengi wanaona hapo papa anajaribu kujua hiki ni kitu gani, au amemfananisha mtu na sili (mnyama wa baharini anayewindwa na papa), maana papa mweupe hasa akiwa mdogo haoni rangi wala umbo vizuri. Jino likipita mahali pabaya mtu anakufa, hilo ni kweli na linauma, lakini hakuwa anawindwa.

Upande wa pili, utafiti wa 2013 ulikadiria binadamu tunaua papa kama milioni 100 kwa mwaka. Ukimuuliza muuza samaki wa Darajani Unguja nani anamla nani atakuonyesha papa mkavu amening'inia na atakuuliza unataka kilo ngapi.

Dhana: Jaws ndo iliyowamaliza papa

Hii ni ya wasomi, inasemwa kwa huruma na ina ukweli nusu. Ni kweli baada ya muvi watu wa Marekani walipata hamasa ya kwenda kuvua papa kwa sifa, mtu apige picha na taya. Na aliyeandika hadithi yenyewe, Peter Benchley, alitumia miaka yake ya mwisho kabla hajafa 2006 akitetea papa na bahari, akisema kwa anavyojua sasa asingeweza kuandika kile kitabu vile. Hilo naliheshimu.

Ila ukitafuta nani hasa kawamaliza utakuta ni nyavu na ndoano za biashara. Papa wanavuliwa kwa ajili ya mapezi na nyama, na wengine wananasa tu kwenye mitego ya jodari. Papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia kama 71 tangu 1970, hesabu ya 2021 hiyo, na meli za uvuvi hazikwenda huko kwa sababu nahodha aliangalia muvi. Kilichofanywa na muvi ni kuondoa huruma, watu wakawa hawajali. Kuna jaribio lilitoka 2016, watu walionyeshwa video ileile ya papa wakiogelea, wengine wakawekewa muziki wa kutisha, wengine muziki wa furaha, wengine kimya, na waliosikia wa kutisha wakawaona papa ni wabaya zaidi. Papa walewale na maji yaleyale.

Dhana: anakonda anavunja mifupa, anameza watu, na yupo mpaka huku kwetu

Twende polepole maana hii ndo muvi yetu. Kama ulikuwa mtoto Afrika Mashariki miaka ile ya mikanda na baadaye sidii, Anaconda umeiona, na inawezekana uliiona imetafsiriwa, mtu anaongea juu ya sauti ya muvi na kuongeza utani wake. Jennifer Lopez, Ice Cube, na Jon Voight akiwa mwindaji wa nyoka mwenye uso wa kutegua kitendawili. Iliingiza kama dola milioni 136 duniani, na ina maporomoko ya maji yanayopanda juu badala ya kushuka, iangalie tena boti inaporudi nyuma, walirudisha picha kinyumenyume wakadhani hatutaona. Hatukuona kweli.

Sasa tuhesabu uongo. Nyoka anapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa: nyoka hana kiungo cha kupiga kelele hiyo, anaweza kutoa sauti ya hewa na basi. Nyoka anameza mtu, anamtapika, afu anatafuta mwingine kwa raha zake, na Voight akitapikwa anakonyeza jicho (hapo Ebert alistahili kutoa nyota zake). Kweli nyoka anatapika, ila anatapika akisumbuliwa ili awe mwepesi akimbie, na akishashiba windo kubwa anaweza kukaa wiki nyingi bila kula tena. Kufukuza boti nzima amalize mmoja mmoja? Angekuwa amelala mahali anasaga chakula.

Kuvunja mifupa nako hapana. Watu wengi wanaamini anabana mpaka mifupa ivunjike, na wengine wanasema anakuziba pumzi. Mwaka 2015 watafiti Marekani walipima panya aliyebanwa na nyoka wa jamii hiyohiyo ya wabanaji, wakaona ndani ya sekunde chache damu inaacha kuzunguka, presha inaanguka na moyo unavurugika. Mnyama anazimia kabla hata hajakosa pumzi vizuri. Ni haraka na kimya, ndo maana haifai kwa muvi.

Anakonda wa kijani ndo nyoka mzito kuliko wote duniani, hiyo kweli, ila hakuna tukio lililothibitishwa la anakonda kumla mtu. Nyoka aliyethibitika kumeza mtu mzima ni chatu wa Asia, yule mrefu kuliko wote, na imetokea Sulawesi Indonesia mwaka 2017 na tena 2018. Na mwisho kabisa, anakonda ni wa Amerika Kusini, Afrika hayupo, zile video zinazosambaa za "anakonda aonekana mto fulani" ni chatu wetu wa kawaida, na chatu mwenyewe ni mkubwa wa kutosha, hahitaji kusingiziwa uraia.

Dhana: stelingi hafi

Huku anakufa. Deep Blue Sea, 1999, Samuel L. Jackson, jina kubwa kuliko wote mle, anasimama kuwapa wenzake hotuba ya kuwatia moyo na papa anamchukua katikati ya sentensi. Sisemi zaidi.

Dhana: simba wa Tsavo walikuwa vile tulivyowaona kwenye muvi

Hii ni ya nyumbani kwa hiyo nakaa nayo. The Ghost and the Darkness ya 1996, Val Kilmer na Michael Douglas, simba wawili wenye manyoya shingoni kama wafalme, wanaua kwa raha, wanaingia hospitali ya kambi, wana pango limejaa mifupa ya watu.

Tukio lipo. Mwaka 1898 wajenzi wa reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda walikuwa wanajenga daraja la mto Tsavo, simba dume wawili wakawa wanaingia kambini usiku wanavuta watu kwenye mahema, kwa miezi, mpaka wafanyakazi kutoka India wakagoma na kazi ikasimama. John Patterson, Mwingereza aliyesimamia daraja, aliwaua wote wawili Desemba mwaka huo, wa kwanza tarehe 9 na wa pili tarehe 29.

Sasa yasiyokuwepo. Yule mwindaji wa Michael Douglas, Remington, hakuwepo kabisa, ametungwa ili jina kubwa lipate kazi. Muvi yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Na simba wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni, madume wengi wa ile nyika wanakuwa hawana au wanayo kidogo sana, lakini mtazamaji wa ng'ambo akiona simba hana manyoya atasema huyo jike, kwa hiyo wakaletwa wenye manyoya.

Halafu idadi. Patterson kwenye kitabu chake cha 1907 alitaja Wahindi 28 na Waafrika ambao hakuna aliyewahesabu, na hapo simama kidogo usome tena: hakuna aliyewahesabu. Baadaye idadi ikapanda mpaka 135, na ndo inayotembea mpaka leo kwenye mabasi na kwenye mabango ya watalii. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali kwenye nywele na mifupa ya wale simba, maana mwili wa simba unabeba kumbukumbu ya alichokula, wakapata makadirio ya watu kama 35, mmoja amekula kama 24 na mwingine kama 11. Ni makadirio, wao wenyewe walisema inaweza kuwa zaidi, ila 135 haifiki.

Na aliyekula wengi alikuwa na nini? Jino bovu. Chonge lake lilivunjika na mzizi ukawa na usaha. Simba anakamata nyati au pundamilia kwa kumkaba koo na kuning'inia, ukiwa na jino hilo hiyo kazi huiwezi, mtu ni laini. Ongeza kwamba ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefyeka ng'ombe na nyati miaka hiyohiyo ya 1890, na njia ile ilikuwa ya misafara, watu waliokufa njiani hawakuzikwa vizuri. Mwaka 2024 tena wakatoa nywele zilizogandamana ndani ya meno ya hao simba, wakazipima, wakakuta twiga, choroa, kuro, pundamilia, nyumbu na binadamu. Kwa hiyo hawakuacha kula wanyama ili watukomoe sisi.

Patterson alitumia ngozi zao kama mazulia nyumbani kwa miaka kama 25, afu akaziuza kwa makumbusho ya Field Chicago kwa dola 5,000, na mpaka leo wako huko kwenye kioo wakionekana wadogo kuliko walivyokuwa. Mi kinachonishangaza zaidi ni kwamba hii stori ilishatengenezewa muvi nyingine mwaka 1952, Bwana Devil, ambayo ndo muvi ndefu ya kwanza ya rangi ya kuvaa miwani ya 3D, ikapigwa California. Simba wa Tsavo wametumika kufungua teknolojia nzima ya Hollywood na watu wa Tsavo hawajaona senti.

Dhana: hayo ni mambo ya zamani, siku hizi simba anaua kwenye muvi tu

Tanzania kuanzia 1990 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba waliua watu zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, Craig Packer na wenzake wa Kitanzania walichapisha hizo hesabu 2005. Wengi ni Rufiji, Lindi, Mtwara. Hakuna muvi ya hao. Na sababu yake haivutii hata kidogo: nguruwe pori. Wanyama wengine wakiisha eneo, nguruwe pori anabaki, anaingia shambani mahindi yakikomaa, mkulima inabidi alale shambani kwenye dungu kulinda, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima.

Rufiji kulikuwa na simba mmoja watu walimbandika jina la Osama, aliua zaidi ya watu 30 kabla hajauawa 2004, na walipomkagua, haya, jino. Usaha mkubwa kwenye gego.

Na sisi wenyewe tusijifanye, maana kabla ya Hollywood kuvalisha simba kinyongo sisi tulishamvalisha. Simba akiua watatu kijiji kimoja utasikia huyo sio simba, huyo ametumwa, kuna mtu anamfuga. Siwacheki waliozika ndugu zao, ukiwa kwenye dungu usiku hujali utafiti. Ila ni uandishi uleule wa skripti, mnyama lazima awe na mtu ndani yake, na pale kijijini madhara yake ni makubwa kuliko ya muvi kwa sababu anatafutwa mzee wa kupigwa badala ya kutafuta namna ya kuzuia nguruwe.

Dhana: Gustave wa Burundi ameua watu 300, imethibitishwa

Haijathibitishwa. Mamba mwenyewe yupo au alikuwepo, kwenye delta ya mto Rusizi na ufukwe wa Tanganyika karibu na Bujumbura, mkubwa kuliko kawaida, ana makovu ya risasi, na Mfaransa Patrice Faye aliyeishi Burundi alimfuatilia kwa miaka na kutega mtego wa kizimba ambao mamba aliusogelea akauangalia akaondoka. Hapo kweli inafanana na muvi. Lakini zile 300 ni kila aliyepotea mtoni kusingiziwa mamba mmoja, na mto ule una mamba wengi na viboko pia, na miaka ile ya vita ulibeba miili ambayo hakuna mamba aliyeiua. Walisema ana miaka 100, afu wakaona meno yake yamekamilika kwa hiyo ni mdogo zaidi, pengine 60.

Muvi yake ni Primeval ya 2007 na ninayo kesi nayo. Trela zake zilitangaza kwamba ni stori ya muuaji wa mfululizo aliyeua kuliko wote duniani, na hawakuonyesha kwamba ni mamba. Watu wakalipa tiketi wakidhani wanakwenda kuona jamaa mwenye kisu. Ilipigwa Afrika Kusini (kila kitu kinapigwa Afrika Kusini), na Burundi yenye vita vyake ikabaki pazia la nyuma.

Dhana: "imetokana na tukio la kweli" maana yake ilitokea

Cocaine Bear, 2023, dubu anabwia kokeni anaua watu msitu mzima. Tukio la kweli, Georgia 1985: dubu alikuta kokeni iliyodondoshwa kutoka kwenye ndege, akala, akafa. Hakumgusa mtu.

The Birds ya Hitchcock, 1963, nayo ina tukio nyuma yake, Agosti 1961 ndege wa baharini walianza kugonga nyumba na kuanguka barabarani kwenye mji wa Capitola, California, na Hitchcock aliomba gazeti lenye hiyo habari. Kwenye muvi ndege hawaelezewi kabisa, ndo uzuri wake. Baadaye wanasayansi walieleza: mwani wenye sumu, samaki wadogo wakaula, ndege wakala samaki, sumu ikapanda kichwani. Walikuwa wagonjwa.

Dhana: wanyama wa kwenye hizi muvi ni wa kufugwa, hawana shida

Tafuta habari za Roar ya 1981. Noel Marshall na mkewe Tippi Hedren, yuleyule aliyeigiza kwenye The Birds, walijaza nyumba simba, chui wa milia na wengineo na wakaigiza humo na watoto wao. Waliojeruhiwa wanakadiriwa kufika 70. Mpiga picha Jan de Bont alichunwa ngozi ya kichwa, binti wa Hedren, Melanie Griffith, alishonwa usoni. Ilipotolewa tena 2015 ikatangazwa kwa mzaha kwamba hakuna mnyama aliyeumia ila watu 70 waliumia, na huo mzaha nao ni uongo maana mafuriko ya 1978 yalibomoa uzio na simba kadhaa wakapigwa risasi. Ndo maana Beast ya 2022, ile ya Idris Elba anayepigana na simba kwa mikono, simba wake ni wa kompyuta, na ingawa mi nanung'unika kuhusu kompyuta, kwa hili nakubali yaishe.

Dhana: anayepaswa kuogopwa ni mkubwa mwenye meno

Shirika la Afya Duniani linasema nyoka wanaua kati ya watu 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na hao ni nyoka wa sumu wa kawaida, mtu kamkanyaga shambani. Kichaa cha mbwa kinaua kama 59,000. Malaria mwaka 2023 iliua kama 597,000, wengi wao watoto wa Afrika wa chini ya miaka mitano.

Na mbu alishapewa muvi yake, mwaka 1995, inaitwa Mosquito tu. Ila kwa saizi yake ya kawaida waliona hatamtisha mtu, kwa hiyo kwenye stori mbu wanakunywa damu ya viumbe waliodondoka na chombo kutoka angani, wanavimba wanakuwa wakubwa, ndo wanaanza kuua watu.